Mashine Mpya Imefika, Ufundi Wangu Niufanyeje?

Seremala wa Keko, Dar es Salaam, anauliza kama kuna maana ya kuendelea kuwafundisha vijana nakshi za patasi, maana jirani yake ameleta kutoka China mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, na inamaliza mlango kabla ya chakula cha mchana. Fundi wa gereji anauliza kama magari ya haibridi yatamfukuza mjini. Mama mmoja anataka kujua ampeleke binti yake akasome ushonaji au wauache kabisa, kwa sababu nembo za sare za shule siku hizi zinadariziwa na mashine. Kutoka Nairobi na Eldoret nako wanauliza hayohayo, wakitaja kazi nyingine.

Maneno yanatofautiana, swali ni moja, na limekuja mara nyingi mno kuliacha bila jibu: hii teknolojia inayoshushwa bandarini inamwongezea fundi kazi au inamnyang'anya?

Inafanya yote mawili, tena wakati mwingine ndani ya karakana hiyohiyo. Inamwondoa aliyekuwa akilipwa kwa kurudia tendo moja kwa mkono. Yule anayejua kuiandaa, kuisoma na kuifufua ikizima anatafutwa kwa udi na uvumba. Na kwetu huku upungufu wa huyo wa pili ni mkubwa kuliko kule mashine ilikotengenezwa, kwa sababu mashine hupanda meli lakini fundi wa kiwanda chake hubaki kwao. Yafuatayo ni ya kukusogeza upande huo wa pili.

Kabla ya kuhama ufundi, uchambue

Kazi yoyote ya ufundi ina sehemu tano:

- kugundua: tatizo ni nini, au mteja anataka nini hasa;
- kuandaa: kupima, kuchora, kuchagua malighafi, kuseti;
- kutenda: kukata, kushona, kuchomelea, kuchuma;
- kumalizia: kusahihisha, kufunga, kukabidhi;
- kutengeneza chombo chenyewe kikiharibika.

Mashine ya kutoka nje karibu kila mara inachukua ile sehemu ya tatu. Kwa hiyo chukua daftari, andika kazi zote ulizofanya wiki mbili zilizopita, na kila moja iandikie ilikula muda gani kwenye sehemu ipi. Usikadirie kichwani. Mafundi wengi hujiona ni wagunduzi, kumbe daftari likifunguliwa siku nzima imeishia kwenye kukata na kupiga msasa. Ukikuta zaidi ya nusu ya muda wako ni kutenda tu, anza kusogea mwaka huu, usingoje mwakani.

Na usibembelezwe na wanaosema mashine huleta ajira mpya, tulia. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho mchumaji alikuwa akilipwa kwa kilo. Kazi yake yote ilikuwa sehemu ya tatu, basi. Zilipoingia mashine za kuchuma hakubakiwa na sehemu nyingine ya kujishikiza, na Mei 2023 hasira zilifikia mahali pa kuzichoma moto mashine hizo. Walionufaika ni waendeshaji na makanika wachache. Maelfu waliokuwa na vikapu mgongoni hawakuhamia huko.

Upande wa pili wako mafundi simu wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi. Ufundi wao haukuwapo kabla simu za mkononi hazijaanza kuingia nchini. Simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji kila moja ina ugonjwa wake, na hakuna mashine inayoitibu peke yake. Sehemu ya kugundua ndiyo iliyowalisha.

Maswali ya kuiuliza mashine

Ukiisikia mashine mpya mtaani kwako, usikimbie na usishangilie. Nenda ukaitazame, ukiwa na maswali haya:

1. Ikizima leo jioni, nani ataiwasha? Kama jibu ni "tunawapigia wauzaji China kwa WhatsApp", hapo pana kazi yako.
2. Inataka nini kabla haijaanza? Faili, mchoro, vipimo, malighafi ya aina fulani? Nani anaviandaa?
3. Inakataa nini? Mbao iliyopinda, kitambaa kinachovutika, chumba kisicho na pembe mraba, gari lililowahi kugongwa. Orodha hiyo ndiyo shamba lako.
4. Kinakufa nini kwanza? Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, mara nyingi ni kadi ya umeme na wala si chuma.
5. Mtu mgeni anafundishwa kuiendesha kwa muda gani?

Swali la tano lina jambo ndani yake ambalo vijana hawapendi kulisikia.

Kosa linaloongoza: kukimbilia kitufe

Kijana aliyekuwa akijifunza useremala anaacha, anaenda kuajiriwa kuendesha CNC, anapiga picha akiwa kando yake. Kazi yenyewe ni kupandisha bodi mezani, kuibana, kuita faili, kubonyeza, kufagia vumbi. Inafundishika kwa wiki moja, na kazi ya kufundishika kwa wiki moja hulipwa hivyohivyo. Baada ya miezi michache mpwa wa mwenye mashine anamaliza shule, naye ndiye anayeshika kitufe.

Asiyeguswa ni yule anayechora. Anajua mninga hauliwi kwa kasi ileile ya MDF. Anajua ni biti ipi itararua nyuzi za mkongo na ipi itapita safi. Anajua mlango wa nje unavimba wakati wa masika, hivyo anauachia nafasi. Hayo aliyapata kwenye randa na patasi. Programu ya kuchorea ilikuja juu ya hayo.

Kwa darizi ni vilevile. Kupachika nyuzi na kubadili fremu ni kazi ya kibarua. Pesa iko kwa anayetengeneza faili la nakshi, lile la DST linaloiambia sindano ipige wapi. Asiyejua vitambaa atachora nembo nzuri kwenye skrini, kisha fulana ya pamba itajikunja na duara litatoka yai, kwa sababu kitambaa huvutwa na mishono na yeye hakukifidia wala hakutanguliza mishono ya kukishikilia. Cherehani ya miguu ilishamfundisha mshonaji kwamba kitambaa huvutika. Kwa hiyo mama, binti asome ushonaji, na akishajua kukata na kushona aongeze kompyuta. Kinyume chake hakifanyi kazi.

Najua kuna atakayenikumbusha kofia za viua za Zanzibar: za mashine zimejaa sokoni kwa bei ya chini na bado ya mkono inapata bei yake, hasa kwa bwana harusi. Kweli. Lakini soko la heshima ni dogo na lina watu wake. Usilitegemee kama huna jina humo.

Tuingie gereji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Kabureta zimeondoka, injini inaongozwa na kompyuta, na skana imefika hadi kwa mafundi wa chini ya mwembe. Wengi wanadhani skana ndiyo ufundi mpya. Tazama inavyokwenda.

Inaletwa Toyota IST, taa ya injini inawaka na injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Fundi anachomeka skana, inaandika P0171. Anasikia kwamba ni mambo ya sensa ya oksijeni, anamtuma mteja Ilala akanunue. Sensa inafungwa, taa inafutwa, gari linaondoka. Siku chache baadaye taa imerudi. Sensa ya pili inanunuliwa. Mara ya tatu mteja haleti gari, analeta ugomvi.

P0171 haikusema sensa imekufa. Ilisema kompyuta inaona hewa ni nyingi kuliko mafuta, na sensa ndiyo iliyoripoti habari hiyo. Fundi anayejua hufanya hivi:

1. Anaandika msimbo pamoja na taarifa zilizohifadhiwa nao, kabla ya kufuta chochote. Kufuta kwanza ni kuharibu ushahidi.
2. Anafungua ukurasa wa vipimo vya papo kwa papo na kutazama ni asilimia ngapi ya mafuta kompyuta inajiongezea. Ikipita kama 10, kuna jambo.
3. Anatazama namba hiyo injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha anakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Asilimia ikishuka, kuna hewa inayoingia bila kupimwa: bomba la mpira lililopasuka kati ya sensa ya hewa na injini, au gasketi ya manifodi. Ikizidi kupanda gari likipewa mzigo, mshukiwa ni pampu au filta ya mafuta.
4. Analishika bomba la mpira na kulikunja kwa mkono. Ufa mara nyingi umejificha ndani ya mikunjo, na ukitazama bila kukunja huuoni.
5. Anasafisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Petroli na mswaki huiua.

Hesabu sasa skana ilifanya nini katika hayo. Ilitoa namba. Hewa, mafuta, moto, na mkono unaojua kulikunja bomba ni vya makanika wa zamani, aliyejifunzia kwenye Datsun na Peugeot 504. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaambia mafundi wazee wafunge gereji. Fundi mzee aliyejua kusoma vipimo anampita kijana mwenye skana ya bei mbaya asiyejua injini inavyopumua.

Ya kuzingatia ukinunua skana:

- Usinunue bila kuijaribu mbele ya muuzaji kwenye gari la umri na aina unayoitengeneza. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaelewani na vile visanduku vidogo vya bluetooth vya bei ya chini.
- Usikope kununua skana kubwa kabla hujajua kusoma vipimo vya papo kwa papo. Kusoma misimbo peke yake hakulipi mkopo.
- Uliza gharama ya kuisasisha kila mwaka, na kama itaacha kufanya kazi usipolipa.

Na hili ni gumu kuliko skana yenyewe: toza pesa ya kupima peke yake. Mteja wetu amezoea kulipia spea na "mkono". Ukae na gari lake saa nzima, hujabadilisha hata boliti, halafu umwombe pesa? Atakuuliza, "Kwani umetengeneza nini?" Mpe karatasi: msimbo uliosomwa, vipimo viwili vitatu, ulichokigundua, kinachohitajika na bei yake. Mwambie mapema kabla ya kufungua boneti kwamba kupima kuna bei, na kwamba akitengenezea kwako utaikata kwenye jumla. Wachache watanung'unika. Ila kama kugundua ndiyo sehemu ambayo mashine imeshindwa kuichukua, kuitoa bure ni kujinyima mwenyewe.

Ufundi mwingine, pamoja na hatari zake

*Haibridi.* Nyaya nene za rangi ya chungwa hazichezewi. Betri kubwa ya Prius ina kama volti 200 za umeme wa moja kwa moja, na kuzima ufunguo hakutoshi. Utaratibu ni kuchomoa plagi ya usalama, kuiweka mfukoni mwako mwenyewe ili mwingine asiirudishe, kusubiri dakika 10, kuvaa glavu za umeme na kupima kabla ya kugusa. Hujafundishwa? Tengeneza breki na shokapu za gari hilo, hayo mengine mwachie aliyefundishwa. Mafunzo yake ukiyapata yatakulipa, maana wanaothubutu ni wachache.

*Magari ya gesi.* Dar es Salaam foleni kwenye vituo vya gesi inaeleza mahitaji yenyewe. Mitungi na vifaa vinatoka nje, wa kuvifunga wanatakiwa hapa, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Mtungi hujazwa hadi shinikizo la bar 200, wakati tairi la gari dogo lina kama 2. Hii haifundishwi kwa kuchungulia kwa jirani.

*Friji na viyoyozi.* Hapa nawaonya hasa mafundi wenye uzoefu, kwa sababu wao ndio wanaozoea. Friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, na gesi hiyo inawaka. Ukiwasha tochi ya kuchomelea kwenye bomba lenye mabaki yake umejitafutia mlipuko. Soma kibandiko kwenye kompresa kabla ya lolote. Fungua madirisha, tumia viungio vya kubana badala ya moto pale inapowezekana, na pima kwa mzani: R600a hujazwa gramu chache, chini ya nusu ya R134a uliyoizoea. Anayekadiria kwa sikio ataua kompresa ya mteja. Viyoyozi vya R32 navyo vinaweza kuwaka, ingawa si kwa wepesi huo.

*Pikipiki za umeme.* Kigali imeamua kwamba pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa kuanzia 2025 ziwe za umeme, na Nairobi zinaongezeka. Oili, plagi, kabureta na klachi vimekwenda, navyo ndivyo vilivyomlisha fundi wa kijiweni. Breki, matairi, beringi, shokapu na nyaya vimebaki. Usipange kufungua duka la kutengeneza betri kwa haraka: katika mtindo wa kubadilishana betri, betri ni mali ya kampuni na huruhusiwi kuifungua.

*Sola.* Nchini Kenya kanuni za 2012 zilileta leseni za fundi wa sola kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Ukitaka zabuni za shule na zahanati, leseni hutangulia ujuzi wa mkono.

*Viwandani.* Mashine za saruji, sukari na vinywaji zinaongozwa na kile kisanduku mafundi wanachokiita PLC. Fundi umeme anayejua kukisoma haombi kazi kwa kubembeleza. Na ukishaipata hiyo kazi, jambo la kwanza ni kuhifadhi nakala ya programu yake. Kuna viwanda vingi ambako nakala haipo, na siku kisanduku kikiungua uzalishaji unasimama mpaka mtu apande ndege.

"Lakini…"

*"Sijui Kiingereza."* Maneno ya mchoro wa umeme na misimbo hayazidi mia mbili tatu, yaandike kwenye daftari moja, uyarudie. Isitoshe, miongozo mingi siku hizi ni ya Kichina, ambako hata msomi wa Kiingereza anaanza sawa na wewe. Kamera ya simu inatafsiri vya kutosha kufanyia kazi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

*"Sina mtaji wa mashine."* Usiinunue. Mwenye mashine amekopa na anataka ifanye kazi mchana kutwa. Mpelekee bodi zako akukatie na kukupigia eji kwa malipo ya kila bodi, wewe ubaki na kuchora, kupima nyumbani kwa mteja na kufunga kabati ukutani. Ukuta wa nyumba zetu haujawahi kuwa mnyoofu, na hakuna CNC inayokwenda Mbagala kuupima.

*"Umri umekwenda."* Tafuta kijana mmoja mwenye akili ya simu. Yeye asome, wewe uamue. Mgawanyo wa pesa uandikwe mapema, kwa sababu ushirikiano wa namna hii huvunjika kwenye pesa.

*"Mashine zinazidi kuwa rahisi, mwisho hata wa kuzitengeneza hatatakiwa."* Hii ni hoja nzito na sitaipuuza. Mafundi saa na mafundi redio waliona hivyo. Televisheni ya kisasa haitengenezwi kama ya zamani. Kadi inabadilishwa nzima au inatupwa. Kipimo changu ni bei. Kutengeneza kukikaribia bei ya kununua kipya, ufundi huo unaaga. Shika vitu ambavyo mwenyewe hawezi kuvitupa: malori, jenereta, pampu za visima, vyumba vya baridi vya samaki na maua, mashine za hospitali. Ufundi wa vifaa tiba, ambao DIT inaufundisha, hautajwi sana nyumbani watoto wanapochagua kozi, wakati hospitali zetu zina vifaa vilivyofunikwa shuka kwa kukosa mtu wa kuvigusa.

*"Mashine kubwa huja na wataalamu wake."* Huja, kwa kuifunga na kwa muda wa dhamana. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza Mei 2017 waendeshaji wengi walikuwa Wachina, na Wakenya wakaingizwa hatua kwa hatua. Anayerithi nafasi ni aliyekuwapo wakati wa kufunga. Kwa hiyo ukisikia mtambo unafungwa mahali, omba hata ukibarua wa kushika tochi na kupitisha nyaya, kisha piga picha kila boksi kabla halijafungwa. Mtaalamu akiondoka utakuwa mtu pekee uliyeuona ndani.

Mzazi unayechagua chuo

Usiulize chuo kina majengo mangapi. Uliza hivi, tena uende mwenyewe ukatazame karakana siku ya kazi:

- Mashine ya mwisho kununuliwa ni ya mwaka gani, na wanafunzi wanaishika au wanaitazama kupitia kioo?
- Mwalimu aliwahi kufanya kazi nje ya darasa? Lini?
- Mafunzo kwa vitendo kazini ni ya muda gani, na nani anatafuta nafasi: chuo au mwanafunzi?
- Wanafundisha kutafuta hitilafu, au kufunga kitu kipya tu?

Chuo chenye injini ya zamani iliyofumuliwa mara mia, na mwalimu anayeficha hitilafu humo ili wanafunzi waitafute, nitakipendekeza kabla ya chenye mashine ya kisasa iliyofunikwa nailoni. Na kozi yenye neno "kompyuta" mbele ya jina lake isikupumbaze. Mwombe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akuonyeshe anachoweza kufanya.

Cheti kwa aliyejifunzia mtaani

Mashine za kisasa zimeleta tatizo hili: kiwanda kinachokuajiri kinataka karatasi, wakati fundi wa mtaani ana mikono tu. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, mapungufu yako yanazibwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, la tatu hadi la kwanza. Nenda na:

- kitambulisho chako;
- picha za kazi zako kwenye simu, zilizopangwa, si zilizochanganyika na za harusi;
- barua ya mwenye karakana au wateja wawili watatu wanaokujua;
- jibu la swali "umefanya kazi hii miaka mingapi, na ipi uliiona ngumu?"

Usiende kwa dalali anayekuahidi cheti bila kupimwa. Siku ya usaili utawekwa mbele ya mashine, na mashine haisomi cheti.

Uliyeajiriwa, fahamu kwamba mwajiri Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kuanzia kumi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, na sehemu yake inakwenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Ukimwomba ruhusa ya kozi fupi, zungumza naye ukilijua hilo. Hadhalilishwi kwa kuombwa.

Mwenye karakana, kabla hujalipa

Wengi huuliza bei na nguvu ya mota, wanasahau mtu. Kisha mashine ya mamilioni inalala kwa kukosa kadi moja ndogo. Andika haya kwenye makubaliano ya ununuzi:

- mafunzo kwa watu wawili, siyo mmoja, kwani mmoja akishajua ataitwa na jirani kwa mshahara mkubwa zaidi;
- michoro ya umeme, neno la siri la mipangilio, na nakala ya mipangilio hiyo kwenye flashi;
- orodha ya spea zinazokufa mapema, na seti ya kwanza ije na mashine;
- kifaa cha kulinda umeme kinachofaa mzigo huo, kifungwe kabla mashine haijawashwa mara ya kwanza;
- sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka watu wako wafanye jaribio moja: muuzaji aivuruge mipangilio, aondoke chumbani, nao wairudishe wenyewe hadi itoe kazi safi.

Muuzaji akilikataa sharti la mwisho, muulize ni kitu gani anaogopa kitaonekana, kisha nenda duka la pili.